Bata wa Kifaransa Mjini Jidda

Miaka ile ya neema ya mafuta, Jidda ilikuwa ikibomolewa na kujengwa upya kila kukicha, na bandarini meli za saruji zilingoja zamu mpaka mabaharia wakachoka. Kaka yangu alikuwa karani kwa mfanyabiashara mmoja wa saruji hiyo, na kwa majivuno aliyokuwa nayo ungedhani ameisaga kwa mikono yake. Mimi na mume wangu tulikaa Riyadh, mtaa wa Nasim, na mama yetu mzazi akikaa nasi. Likizo ilipofika tukashuka Jidda sote kumtembelea kaka.

"Leo n'takupelekeni mkale mahali pa watu," alituambia. "Mkahawa wa Kifaransa, wa kizamani hasa. Ukiingia tu unajiona uko Paris."

Paris hajapata kufika.

Uzamani wenyewe ulikuwa wa mwaka jana. Rangi ya mlangoni bado ikinuka. Boriti za dari zilikuwa mbao mpya zilizotobolewatobolewa makusudi zionekane zimeliwa na mchwa. Kwetu Unguja mtu akiona mchwa darini humwita fundi awatoe. Hapa fundi aliitwa aje kuwatia. Ukutani yalining'inia masufuria ya shaba ambayo hayajawahi kuonja moto. Sisi, kwa kuwa tulikuwa na wanawake, tukatiwa kijichumba cha pembeni chenye pazia zito jekundu.

Mhudumu, Mlebanoni mwenye tai ya kipepeo, alimsemesha kaka Kifaransa. Kaka akajibu "wi, wi" kwa kila alichoulizwa, na sidhani kama alijua amekubali nini. Ikaja chupa iliyoviringishwa kitambaa cheupe kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ndani mlikuwa na maji ya zabibu, maana nchi ile haina kingine cha kumimina hadharani. Kaka akaizungusha bilauri, akainusa, akafumba macho, akaonja, kisha akaitikia kwa kichwa kama kadhi anayepitisha hukumu. Sharubati! Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza nisije nikacheka.

Bata akaletwa. Vipande vyembamba kwenye sahani pana, kana kwamba aliyepakua aliona haya, na juu yake mchuzi wa machungwa mtamu kama dawa ya kikohozi ya watoto.

"Na wali wake uko wapi?" mama akauliza.

"Mama, Wafaransa hawali bata kwa wali."

"Basi maskini," akasema mama, akaanza kula.

Ndipo mhudumu alipofungua pazia kuleta mkate, na nje akawa anapita kafili wa kaka, yule mfanyabiashara wa saruji aliyemdhamini, pamoja na wageni wake. Nikawahi kushusha utaji usoni. Mama hakuwahi, alikuwa anatafuna. Kaka akaruka kumpokea bosi wake, na pazia likabaki wazi nusu.

Mzee yule alikuwa mtu wa adabu. Aligeuza uso asitutazame, akauliza, "Hii familia yako? Na huyo bibi ni mama yako? Mpe salamu zangu."

"Hapana, bwana," kaka akasema kwa Kiarabu chake kizuri. "Hawa ni dada yangu na mumewe. Yule ni mtumishi wao, wamekuja naye kutoka Riyadh."

Marehemu baba yetu alikuwa mtu wa asili ya Hadhramaut, na kaka alitoka na rangi yake. Mama ni mtu wa Makunduchi, mweusi kama mimi. Kumbe huko Jidda kaka alikuwa amejitangaza Mwarabu mtupu, baba na mama. Na mama, baada ya miaka ya kubishana na wauza mboga wa Riyadh, Kiarabu alikisikia vyema.

Kaka aliporudi kuketi, mama alikwisha weka kijiko.

"Mama, mambo ya kazi haya. Huwajui watu hawa."

"Nimekusikia, mwanangu. Mtumishi haketi meza moja na mabwana."

Akasimama, akatengeneza baibui lake. Mimi na mume wangu tukamfuata.

"Kaeni basi!" kaka akanong'ona, jasho likimtoka. "Kitindamlo bado! Watu wanatutazama!"

Hilo ndilo lililomuuma.

Tulikwenda mtaa wa Kandara, kwenye kijiduka cha mpishi wa Kiyemeni, tukala wali na samaki kwa mikono. Mama alikula kidogo. "Nilimnyonyesha mimi," alisema.

Asubuhi kaka alikuja tulikofikia na chupa ya manukato ghali. Mama hakuigusa.

"Nenda kwa tajiri wako, umwambie mimi ni nani. Kisha uje tunywe chai."

"Mama, hilo haliwezekani sasa."

"Haya."

Tukarudi Riyadh kabla likizo haijesha. Kaka hakwenda kumwambia mtu neno. Alipanda cheo, akajenga nyumba. Kila Idi alipiga simu, mama akamjibu salamu na kumwombea dua, wala chai hakumwalika tena.

Mama alipofariki, kaka alikuja Nasim, akaketi mbele kupokea rambirambi. Mume wangu anasema alilia sana. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, sikumwona, na sikuuliza zaidi.