Mbwa Niliyemsemea kwa Jumbe

Juzi amekuja mtu kutoka Bahi, akaniambia yule jirani yangu wa zamani, mchunga ng'ombe, amekufa kwa homa ya siku tatu. Nimelia, na ninyi mnaonisoma mnajua mimi si mwepesi wa machozi. Sasa nitaandika nililomtendea, maana yeye hakumwambia mtu.

Alikuwa na mbwa mwekundu, mlinzi wa zizi. Mwaka wa ukame mbwa yule akaanza kupepesuka. Kwanza kucha za miguu ya nyuma zilikwaruza ardhi, kisha nyayo zikawa zinapinduka hadi kutoka damu, halafu kiuno kikalegea kabisa, akawa anajikokota. Jirani akampitishia kipande cha kaniki chini ya tumbo, akamwinua nyuma, wakawa wanaongozana hivyo malishoni. "Shemeji, umeoa tena?" nilimtania, maana tuliitana shemeji kwa mzaha. "Huyu hanuni," akajibu. Watu walicheka. Mimi moyoni sikucheka. Mdogo wangu aliumwa na mbwa mwenye kichaa, akafa akiogopa maji, naye mbwa aliyemwuma alianza kwa kupepesuka hivyohivyo. Basi sikumwuliza jirani neno. Nilikwenda moja kwa moja kwa jumbe, jumbe akapeleka habari bomani, na tangu Wadachi watutawale, neno likishaingia bomani si lako tena.

Wakaja askari wawili na bunduki. "Mbwa wa kichaa yuko wapi?" Jirani akaziba mlango wa tembe. "Hana kichaa. Mgongo ndio unaokufa." "Pisha, mzee, au utakula kiboko!" Akaomba jambo moja tu: wamwone mbwa akinywa maji. Siku zile maji tulichimba mchangani, na kata ya maji aliyoileta ndiyo iliyokuwa imebaki nyumbani mwake. Alipoiachia kaniki ili amimine, mbwa akaanguka ubavu, shingo isifike kwenye chombo. Hakunywa. Askari mmoja akakoki bunduki.

"Shemeji!" jirani akaniita pale nilipojibanza nyuma ya ua. "Njoo umshike kiuno!" Nikatoka mafichoni. Nikashika kaniki, nikavuta juu. Mbwa akasimama, akanusa, halafu akanywa, akalamba mpaka chombo kikakauka. Askari akashusha mtutu kwa hasira. "Nani basi aliyetutembeza bure juani?" Jirani alinitazama usoni. Alijua. "Mpita njia," akasema.

Mbwa aliishi mpaka baada ya mavuno, ndipo miguu ya mbele nayo ikakataa. Jirani alimgeuza ubavu asubuhi na jioni, akamsafisha haja zake, akampaka samli vidonda, mpaka akafia mapajani pake. Mimi nilimchotea maji, na wala hakunidai maelezo.

Kuogopa si kosa. Kosa langu ni kwamba nyumba yake ilikuwa hatua ishirini kutoka kwangu, na kwa jumbe ni mwendo wa nusu siku, nami nikaona kwa jumbe ndiko karibu.