Nyanya ya Chumbani

Jumanne, kwenye agroveti moja, duka la pembejeo na dawa za mifugo, hapa Voi, bwana wa shati lililopigwa pasi alimwonyesha muuzaji picha kwenye simu, kiganja kikiifunika nusu.

"Dada, nyanya yangu imegeuka manjano. Na naimwagilia asubuhi na jioni, mbolea kila siku."

Muuzaji aliitazama picha, kisha akamtazama mwenyewe. "Umeizamisha. Wacha udongo ukauke, mbolea achana nayo, halafu uitoe nje ipate jua."

"Nje haiwezi. Iko chumba cha kulala. Unajua majirani..."

"Nyanya gani hiyo inaogopa majirani?"

Mama mmoja wa Werugha, aliyefuata chumvi ya ng'ombe, alinyoosha shingo akaiona picha. "Mwanangu, hata marehemu mume wangu alikuwa na nyanya kama hiyo. Ilipona vizuri kabisa. Ilinawiri mpaka ikachungulia dirishani, ndipo askari wakaja."

Bwana alirudisha simu mfukoni taratibu, akakohoa, akaomba pakiti ya mbegu za nyanya.

Nimewasikia watu wengi wakitetea uongo wao. Huyu ndiye wa kwanza kuona afadhali aupande, uwe kweli.