Mkono wa Kushoto wa Mpiga Chapa

Siku fundi alipomwona yule dada mara ya kwanza, alianza kuona viatu, maana yeye mwenyewe alikuwa chini ya mashine ya mchezo wa riadha, bisibisi mdomoni, akibadilisha waya. Viatu vyeusi vya ofisini, visigino vimelika. Mara vitufe juu ya kichwa chake vikalia kama mvua ya mawe kwenye bati. Akachungulia. Miaka yote aliyotengeneza mashine za ukumbi ule wa michezo ya video, hakuwahi kuona vidole vyenye kasi namna ile.

Dada huyo alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ardhi, mtaa wa pili. Tangu hapo akawa anakuja kila mchana, saa ya mapumziko. Mchezo wake ulikuwa kuruka mbali: unapiga vitufe viwili vya mbio mpaka mtu wa kwenye kioo afike ubao mweupe, halafu unabonyeza cha tatu, kilicho kulia, aruke. Mbio alikuwa nazo. Kuruka ndiko kulikomshinda. Kila ubao ulipofika, mkono wake wa kushoto uliinuka wenyewe ukasukuma hewa, mtu wake akapitiliza, mruko ukafutwa.

"Dada, unakimbia au unafukuza nzi?" kinyozi mmoja alimuuliza, yeye aliyeshika nafasi ya kwanza kwenye mashine ile tangu mwaka juzi.

"Nzi mwenyewe ni wewe," alijibu bila kugeuka. "Jumatatu nahamishiwa mji mwingine. Kabla sijaondoka, jina langu litakaa juu ya lako."

Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa fundi.

Alhamisi aliitwa ofisi ya ardhi kutengeneza feni. Akiwa juu ya ngazi, alimwona yule dada kwenye taipureta yake. Vidole vinakwenda mbio, kengele inalia mwisho wa mstari, mkono wa kushoto unainuka na kusukuma chuma cha kurudisha mstari, mstari mpya. Fundi nusura aanguke na feni yake.

Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajaingia, alitoboa tundu upande wa kushoto wa mashine ya riadha, juu kidogo, akahamishia pale kitufe cha kuruka.

"Fundi, hiyo hila," kinyozi alisema mchana.

Fundi alikuwa mtu wa kumeza maneno. Siku hiyo yalimtoka. "Anza wewe, kaka. Mashine ni hiyo hiyo kwa wote."

Kinyozi akaanza. Mara tatu mkono wake ukaenda kulia, kusikokuwa na kitu.

Mpiga chapa akasogea. Fundi akamnong'oneza, "Usiwaze kuruka. Ubao ukifika, wewe rudisha mstari tu."

Dada alimtazama, akakitazama kitufe, akaangua kicheko. Mruko wa kwanza kicheko kiliuharibu. Wa pili ulikuwa mfupi. Wa tatu, vitufe vilipiga kelele mpaka wachezaji wa mashine ya jirani wakaacha mchezo wao. Ubao ukafika, mkono wa kushoto ukaruka, na mtu wa kwenye kioo akapaa, akapaa, akatua mbele ya alama ya kinyozi kwa sentimita nne.

Herufi za jina lake aliziandika kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu asiyewahi kuiona taipureta.

Mapumziko yakaisha. Akachukua mkoba, na mlangoni akageuka, akamwambia fundi maneno yake ya mwisho:

"Wakikwambia ukirudishe kulia, fundi, waambie umesahau kilikotoka."