Rakaa Mbili za Mama

Mwanangu alitaka tufuatane kutoka Riyadh mpaka Jeddah, nikamkatalia. Akasema mwanamke wa umri wangu hapandi ndege peke yake. Nikamwambia, zamani mlituzuia kwa sheria, sasa sheria imeondoka mwataka kutuzuia kwa kisingizio cha magoti. Mjukuu wangu wa kike akanikatia tiketi kwenye simu yake na kunitafutia hoteli ya siku tatu. Sababu ya safari sikuwaambia. Nilikuwa na swali la kumuuliza imamu wa msikiti mmoja, na sikutaka mtu wa nyumbani alisikie.

Sisi tulitoka Unguja baada ya mapinduzi, mimi bado nabebwa. Meli ilitushusha Jeddah, tukakaa wiki chache kwa watu wa kwetu katika mji mkongwe, jirani na msikiti wa kale. Baba alikuwa akiswali humo. Sheikh mmoja akamwambia kuwa mtu aliye safarini, anayengoja kuondoka leo au kesho, anaruhusiwa kupunguza sala za rakaa nne, aziswali mbili. Baba akamfikishia mama. Kisha tukaja Riyadh, baba akapata kazi, tukapanga nyumba mtaa wa Shumaisi, na baada ya muda baba akarudi kwenye nne zake.

Mama hakurudi kwenye nne. Sikulijua hilo, maana niliolewa mapema na mama alikuwa akiswali chumbani kwake. Nilijua alipozeeka akahamia kwangu. Siku moja wajukuu wamejaa ukumbini, mama akaswali Adhuhuri kwenye mkeka wake pale pembeni, akatoa salamu baada ya mbili. Nikamuuliza mbele yao hizo mbili nyingine amemwachia nani. Akasema yeye ni msafiri.

Nilicheka. Nikamwambia, "Msafiri gani, mama, mume umemzika hapa, ikama yako ya ukaazi ni ya hapa, vitukuu wako wamezaliwa hapa? Huo uvivu wa sala. Usiupambe."

Mama akakunja mkeka wake. Alasiri ya siku ile aliswali nne, na akaswali nne mpaka alipokufa, miaka mitatu baadaye. Habari za Unguja hakuzitaja tena. Zamani kila mtu akija kutoka huko, mama humuuliza nani yu hai, nyumba fulani nani anaikaa, mvua zimenyeshaje. Siku hizo za mwisho mgeni akija, mama alimkaribisha chai tu. Mimi nilijiona nimemnyoosha. Tulipomaliza kumzika ndipo maneno yangu yalipoanza kunirudia. Nilitaka kujua nilimwokoa mama yangu au nilimdhulumu.

Jeddah niliipenda, siwezi kuwaficha. Siku mbili nzima sikwenda msikitini. Asubuhi nilikula fuli, yale maharage ya kupondwa, na mkate mpana wa tamisi kwenye kibanda, nimekaa peke yangu mezani, wala hapana aliyeniuliza mume yuko wapi. Nilitembea kando ya bahari nikakaa kwenye benchi la saruji na aiskrimu, mtu mzima kama mimi, inanichuruzikia mpaka kwenye mkono wa baibui. Riyadh nikitoka natoka na watu, nikirudi narudishwa. Hapa nilikaa mpaka nilipotaka kuondoka. Lakini kila adhana ikilia moyo ulishtuka kama mtu aliyeitwa na mwalimu, kisha nikajiambia, kesho.

Siku ya tatu nikaenda. Mji mkongwe wanautengeneza, vijia vingine vimezibwa kwa mabati, na zile nyumba za ghorofa zenye madirisha ya mbao yaliyochongwa nyingine zimesimama na nyingine zimeegemezwa kwa magogo. Msikiti uko katikati yao. Ni wa zamani sana, mnara wake watu wanasema umesimama mamia ya miaka. Ndani mna baridi, nguzo nene, na sakafu imelika mahali pa kupitia. Nilisimama nikaangalia sakafu ile. Baba alipita hapo. Mama hakuingia hata mara moja, habari zake alizipata kwa mdomo wa mumewe.

Sala ya jamaa ya Adhuhuri ilikuwa imekwisha na imamu kaondoka. Mlinzi akanionesha upande wa wanawake. Nikamkuta mwanamke mmoja, amevaa sare ya kazi za nyumbani chini ya baibui, anaswali. Akatoa salamu baada ya rakaa mbili. Nikadhani ni sunna, lakini akasimama akakimu, akaswali mbili tena, za Alasiri, amezikusanya na Adhuhuri kama wafanyavyo wasafiri.

Nikamsalimia kwa Kiarabu, akanijibu kwa Kiarabu cha jikoni chenye lafudhi ya pwani, nikajua ni wa kwetu. Akasema kwao Mombasa, anafanya kazi hapa hapa Jeddah. Madam wake alikuwa soko la dhahabu na amempa nusu saa. Nikamuuliza ana muda gani hapa. Akasema miaka sita.

Ulimi ukapanda, wallahi. Nilikuwa nishafungua mdomo. Yeye akaniwahi.

"Najua utakachosema, nyanya. Mwenzangu mmoja ameshaniambia. Lakini kila mwezi madam anasema mwezi ujao utaenda kwenu. Begi langu liko chini ya kitanda, limefungwa. Nikiswali nne ni kama nimekubali nitazikwa hapa."

Alisema hayo kama mtu anavyosema bei ya vitunguu sokoni, huku anakunja msala. Mimi nikakaa chini.

Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia, "Mama yangu aliswali mbili karibu maisha yake yote. Mimi ndiye niliyemfanya aswali nne."

"Alikwambia nini?"

"Hakuniambia kitu. Aliswali nne."

Yule mwanamke aliniangalia, hakunifariji. Nilimshukuru kwa hilo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, "Kwa hiyo mimi nakosea, nyanya?"

Maisha yangu yote nimekuwa na jibu la kila mtu. Nikamwambia sijui. Nikamwambia sikusoma, imamu atakuja Alasiri, amuulize yeye, na asimsikilize mtu kama mimi. Simu yake ikalia, madam. Akaniomba nimuombee safari, akatoka mbio viatu mkononi.

Nikaswali. Mimi nilikuwa msafiri wa siku tatu, mbili ni haki yangu, hakuna wa kunibishia. Baada ya salamu nikamwomba mama radhi, kwa sauti, msikiti mtupu. Imamu sikumngoja. Lile nililolitaka kwake halikuwa la fiqhi na hukumu za sala.

Niliporudi Riyadh niliwaita wale wajukuu waliokuwapo ukumbini siku ile. Wengine wana ndevu sasa. Nikawaambia Bi Mkubwa, mama yangu, hakuwa mvivu wa sala. Alikuwa anangoja kurudi kwao, na mimi nikamwambia mbele yenu asingoje. Nilimkosea, na nyinyi mlisikia, basi sikieni na hili.

Mmoja wao akauliza, basi bibi, kwa sheria nani alikuwa sahihi? Nikamwambia aende kwa wanaojua.