Nilivyoshuka Hadi Dawati la Akinyi

Harufu ya kalamu nene ya wino, ile ya kuandikia kwenye karatasi ya manila, bado siipendi. Juzi msichana wangu alirudi nayo vidoleni, nami nikarudi mtaani Gatwekera, darasa la saba.

Shuleni kwetu matokeo yaliandikwa kwa kalamu hiyo yakabandikwa mlangoni, na mlikaa kwa kufuata namba. Wa kwanza na wa pili dawati moja dirishani, hivyo hivyo mpaka nyuma. Mimi nilikuwa wa kwanza kila muhula. Wafula, namba mbili, alifunika daftari kwa mkono hata akiandika tarehe. Mwaka mzima tuliombana rula tu.

Rafiki yangu alikuwa Akinyi, namba thelathini na tano. Kwenye foleni ya maji nilimchorea hesabu matopeni kwa kijiti, naye akanifunza kuishi na watu. "Ukichekwa, we cheka kwanza. Watachoka."

Basi nikapanga. Alama zake za majaribio, zilizokuwa zikipanda muhula huo, nilizijua kama zangu, kwa hivyo kwenye mtihani niliacha maswali ya kunitosha kushuka. Akinyi akatoka wa ishirini na moja. Mimi ishirini na mbili. Mwalimu alinifokea mbele ya wote, nikabeba mkoba hadi dawati letu jipya nikitabasamu.

Akinyi alikuwa ameshika karatasi yangu.

"Hili swali la sehemu si wewe ulinifunza? Umelikosaje?"

"Nimeliacha makusudi. Ndio tukae pamoja."

Nilingoja acheke.

"Kumbe huku unafika tu ukitaka," akasema. "Mimi nimekesha, Nafula."

Akasogeza vitabu vyake hadi ukingoni, akafunika daftari kwa mkono. Maji akaanza kwenda kuteka na wengine.

Miaka mingi nilisema ni wivu. Uongo mtupu. Mahali alipopanda kwa jasho, mimi nilimwonyesha kuwa ni pa kuangukia. Lakini hasira yangu si kwa wale watoto wawili. Ni kwa watu wazima waliotufanya tupange urafiki kwa alama, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini nimeanguka.

Jana mwalimu wa msichana wangu, huku Kawangware, aliniambia kwa furaha kwamba atamhamishia mbele, kwa wenye akili.

Nikamuuliza, sasa hivi anakaa na nani?

Hakujua jina.

Nilivuta kiti nikakaa, nikamwambia aende akaulize.