Kisogo cha Jumamosi

Kwa muda mrefu nilikana, hata kwa mume wangu, kwamba nilimwonea wivu mama yangu mzazi. Nilimwonea. Tena kwa sababu ya mtoto ambaye hata kusimama hajui.

Mtoto huyo nilimzaa watu wakidhani nimeshafunga duka. Dada wa kazi alipoondoka, nikampeleka kwa mama, Kwedizinga, nami nikabaki kazini Korogwe. Kila Jumamosi nilimfuata. Alikuwa ananitazama mara moja, kisha anaficha uso begani kwa bibi yake.

"Mume wangu, msalimie mgeni," mama anamtania mjukuu wake. "Kaja na biskuti."

Neno hilo mgeni lilinichoma. Chuoni nilisoma malezi; niliandika kurasa nyingi kuhusu jinsi mtoto mchanga anavyomchagua mtu wake. Basi nikaanza kumchunguza wangu kama mtahini. Jirani aliyekuja kuomba moto alimbeba, mtoto akacheka. Muuza samaki akambeba, akacheka. Mimi nikapewa kisogo. Jioni alikuja mwenyewe kulala kifuani kwangu, na kesho yake hakutaka niende hata chooni. Jumamosi iliyofuata, kisogo tena. Nikahitimisha kwamba ananisahau, kila wiki tunaanza upya.

Jumapili mama alikuwa ananitorosha, kama wanavyofanya wengi kwetu. Yeye anampeleka mtoto kutazama kuku, mimi napita nyuma ya nyumba na mkoba wangu, nakatiza kwenye mahindi hadi kwa bodaboda. Asinione, asilie. Mara moja nilisahau khanga kwenye kamba, sikuthubutu kuirudia.

Jumatatu moja mama akapiga simu.

"Mwanangu, tumekosea. Jana ulipoondoka alitambaa mpaka chumbani. Kakutafuta kitandani, kakutafuta nyuma ya mlango. Kila wiki ndiyo kazi yake. Nilikuficha, nikiogopa utaacha kazi."

"Kwa hiyo ananijua?"

"Anakununia! Muuza samaki atamnunia kwa lipi? Safari hii utamuaga. Akilia, nitambembeleza."

Nikamwomba aweke spika, nikamwita mwanangu. Kisha nikasikia simu ikikwaruzwa na kugongwa chini.

"Mama, anafanya nini?"

"Ameipindua simu," mama akasema. "Anakutafuta kwa nyuma."