Kifuniko cha Mama Rasoa

Ilianza Jumamosi ya pili ya mwezi wa Februari, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Nina uhakika na saa kwa sababu king'ora cha kiwanda cha miwati, miti ambayo maganda yake hulainishia ngozi, kilikuwa kimelia saa kumi kamili, na Mama alikuwa amemaliza kuosha vikombe vyake vya bati na kuvipanga juani, kazi iliyomchukua dakika ishirini, si pungufu. Ndipo harufu ikaja: petroli, na turubai iliyopigwa jua njia nzima. Harufu ya gari la sinema.

Harufu hiyohiyo ilinifuata Ijumaa iliyopita hapa shuleni, walipowasha jenereta nyuma ya bwalo ili sisi wasichana wa sekondari tuonyeshwe filamu. Wenzangu walipiga makofi na kugombania viti vya mbele. Mimi nilimwambia matroni kwamba kichwa kinaniuma, nikaenda kulala. Kichwa hakikuwa kinauma. Nina miaka kumi na saba, watu wananiona mpole, na daftari hili peke yake ndilo linalojua jinsi ninavyoweza kuchukia. Ninyi mtakaolisoma, kama mtakuwapo, kaeni karibu niwaambie.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa kwenye laini za kiwanda, nyumba za chumba kimoja kimoja zilizopangwa kama mabehewa, upande ule wa Eldoret ambako upepo ulileta ukali wa maganda ya miwati mpaka kwenye chai. Baba alibeba maganda hayo. Mama, ambaye wote walimwita Mama Rasoa kwa jina langu, aliuza uji wa wimbi kwenye lango la kiwanda. Upande wa pili wa lango hilohilo aliuza Mama Dorika, aliyevaa kabuti ambalo mumewe alirudi nalo kutoka vitani, vifungo vya shaba mbele na kipande cha sabuni mfukoni. Hiyo sabuni muikumbuke. Mama Dorika hakugusa unga kabla ya kunawa nayo bombani, na akishanawa aliifunga kwenye kitambaa kama mtu anayeficha dhahabu. Yeye na Mama walisalimiana kila asubuhi kwa sauti kubwa sana, kama wanavyosalimiana watu wasiopendana.

Gari la sinema lilikuwa la serikali, na lilikuja mara mbili au tatu kwa mwaka. Walifunga shuka jeupe kati ya nguzo mbili uwanjani, na watu wakajaa mbele kuanzia saa kumi na mbili. Mimi niliogopa kubanwa na watu, kwa hiyo nilikaa nyuma ya shuka, peke yangu kwenye nyasi zenye umande. Huko picha zilionekana vizuri tu, ila kila mtu alishika jembe kwa mkono wa kushoto.

Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya ndugu wawili, mmoja mkulima hodari, mwingine mzembe ambaye mvua ilimchukulia shamba lote. Niliiona mara nne. Mara ya kwanza nililia. Mara ya nne nikagundua jambo: mvua yenyewe haikuonekana hata mara moja. Tulionyeshwa wingu, halafu uso wa mzembe akitazama juu, halafu mtaro uliojaa maji. Mvua tuliileta sisi wenyewe.

Kesho yake nilichukua kipande cha makaa, nikachora masanduku matatu juu ya bati kuukuu, na picha ndani ya kila moja: kuku, mlango ulio wazi, sufuria tupu. Jotham, mdogo wangu wa miaka minne, aliangalia akapiga kelele, "Amekula!"

Sikuwa nimemchora kuku akila. Nilisikia baridi ya furaha mgongoni, na nikiandika leo bado naisikia. Tangu hapo sikuacha. Nilichora kwenye mabati, kwenye mawe, kwenye karatasi za kufungia chumvi. Mama alisema tu, "Chora, Rasoa. Ila usinichoree kuta za watu."

Basi Jumamosi ile gari halikuja kuonyesha filamu, lilikuja kutengeneza. Alishuka mzungu mmoja mwenye kaptula na kamera ya miguu mitatu, na karani wake, Bwana Hezron, ambaye sauti yake tuliijua wote kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikisema kwenye kipaza sauti. Walitaka mama mmoja na nyumba yake, kwa filamu ya usafi wa maji. Wanawake wakarudi nyuma, leso usoni. Mimi, niliyekuwa nikiulizwa jina darasani nalia, niliinua mkono.

"Mama yangu," nikasema.

Nilitaka kumwona kwenye shuka. Hakuna sababu nyingine.

Mama aliwasikiliza akiwa ameshika kiuno. Bwana Hezron alimwambia, "Mama, wewe ni msafi, hata kipofu anaona. Sasa jifanye mchafu kidogo tu. Ni mchezo."

"Na watu wakiniona hivyo?"

"Si watu wana akili, Mama?"

"Lakini mwishoni nifunike mtungi."

"Utafunika. Lazima ufunike!"

Walianza na mwisho. Walimlaza Jotham kitandani awe mgonjwa, akacheka, wakampa biskuti, akacheka zaidi, mpaka akachoka akalala kweli, wakamchukua picha hivyo. Baadaye ndipo wakaweka mtungi wa maji wazi mlangoni, na Bwana Hezron mwenyewe akaupaka sukari nguru mdomoni ili nzi waje. Nilimsogelea nikamnong'oneza: huyu ameuguaje kabla hajakunywa maji? Alicheka mpaka soksi zake ndefu zikashuka. "Tutakata, tutaunga, mtoto. Kama fundi wa nguo." Wiki nzima nilitembea na maneno hayo mdomoni kama peremende.

Na Mama alifunika. Mniamini. Alifunika mtungi mara mbili mbele ya kamera, mara ya pili akitabasamu. Nilikuwa nimesimama pale.

Gari lilirudi mwezi wa Juni, wakati wa mvua na baridi. Mama alifunga kitambaa chake cha kanisani, akakalishwa mbele kwenye stuli kama mgeni wa heshima, Jotham mgongoni. Mimi nilikwenda nyuma ya shuka. Saa moja na nusu uso wake ukatokea, mkubwa kama mlango, na uwanja mzima ukalia, "Mama Rasoaaa!" Niliruka juu.

Halafu nzi. Halafu Jotham kitandani, macho yamefungwa. Halafu kaburi dogo, mahali ambapo sijawahi kupaona. Sauti ya Bwana Hezron ikasema polepole, "Huyu ni mama mjinga. Alimnywesha mtoto wake kifo." Akatokea mama mwingine mwenye viatu, mgeni kabisa, akafunika mtungi wake, na ikawa mwisho.

Mama yangu hakufunika. Walimkata.

Upande wa pili wa shuka nikasikia watu wakinong'onezana.

"Jotham si yule pale mgongoni?"

"Basi kulikuwa na mwingine. Pacha."

"Pacha gani? Mbona hatukumjua?"

"Ungemjuaje na alizikwa? Kaburi si umeliona?"

Jumatatu Mama alipeleka debe la uji langoni, akarudi nalo limejaa. Jumanne vilevile. Wanaume waliokunywa uji wake miaka mitano walipita wakiwa wameshika pua. Watoto wa laini walinifuata mpaka bombani wakiimba, "Mama Nzi! Mama Nzi, funika!" Na Mama Dorika, mikono kwenye mifuko ya kabuti, aliita kwa sauti tamu, "Njooni huku, wanangu! Huku uji hauna nyama!" Watu walicheka mpaka wakamwaga vikombe.

Mama alijaribu. Alisimama katikati ya barabara akasema ulikuwa mchezo, sukari nguru, mtoto mzima huyu hapa. "Picha ya serikali ikusingizie nini, Mama?" mzee mmoja alimuuliza, kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kicheko.

Baba naye aliitwa Bwana Nzi kazini. Alirudi akavunja kikombe, akasema mwisho wa mwezi, kama uji haununuliwi, Mama na sisi wote tutapanda treni kurudi nyumbani, na shule yangu iishie hapo. Mama hakunipiga. Alisema neno moja tu, akipepeta wimbi ambalo halikuwa na mnywaji: "Ni wewe uliinua mkono."

Afadhali angenipiga. Chuki yote niliyokuwa nayo ilitafuta mtu, na Bwana Hezron alikuwa mbali. Mama Dorika alikuwa karibu.

Jumapili watu walipokuwa kanisani, nilichukua makaa nikaenda kwenye ukuta wa ghala unaotazama lango, ukuta mkubwa uliopakwa chokaa, mweupe kuliko shuka. Nikachora masanduku matatu. La kwanza: mwanamke mwenye kabuti akiingia chooni. La pili: mwanamke mwenye kabuti akitoka. La tatu: mwanamke mwenye kabuti, mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya unga wa uji. Nilichora vifungo vya kabuti kwa uangalifu, kimoja kimoja. Hakuna sanduku lililokuwa la uongo. Kila mtu huenda chooni, na unga hukandwa kwa mkono. Nilifurahi, siwezi kuwaficha. Nilifurahi kuliko siku ya kuku.

Jumatatu king'ora kilipolia, kicheko kilianza langoni kikasambaa mpaka kwenye laini. Madebe mawili, la Mama na la Mama Dorika, yakarudi yamejaa siku hiyo. Mama Dorika alizunguka nyumba zetu akipiga milango kwa ngumi. "Nani amenichora? Atoke! Mimi niliyezika mume, leo niwekwe ukutani kama kinyago? Mkono uliofanya hivi ukauke!" Halafu akaenda na maji, akavua kabuti, akaanza kusugua ukuta. Alisugua kwa ile sabuni yake. Makaa yalisambaa tu, yakawa kama wingu, na picha zikabaki ndani yake.

Jioni Mama aliziangalia kucha zangu. Alikuwa ameuona ukuta.

"Umechora vizuri," alisema. "Hata vifungo. Lakini umesahau kitu. Yule mama hunawa."

"Sikusahau," nikajibu.

Ilitoka yenyewe. Mama aliniangalia kwa macho ambayo nadhani ndiyo aliyoliangalia nayo shuka siku ile, halafu akageuka akafunika mtungi wa maji, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake.

Niwaambie mapema kwamba niliyoyafanya baadaye hayakumsaidia. Baada ya wiki mbili watu walirudi kwenye uji wa Mama Dorika. Kwa Mama hawakurudi. Mwisho wa mwezi alipanda treni na Jotham, na mimi nikabaki kwa sababu tu mwalimu wangu alimwomba Baba aniache, akanichukua nyumbani kwake. Nilidhani kwa miaka mingi kwamba watu walimpenda Mama Dorika zaidi. Sasa naelewa sababu ilikuwa rahisi kuliko hivyo: picha ya Mama Dorika ilikuwa ukutani, nami niliweza kuurudia ukuta. Shuka lilifungwa likawekwa garini likaenda miji mingine, na mtoto wa miaka kumi hawezi kukimbiza gari. Huenda hata leo, mahali fulani, watu ambao hawajawahi kuonja uji wake wanamzomea mama yangu.

Simsamehe Bwana Hezron. Lakini kazi aliyonifundisha, ya kukata na kuunga, sijaiacha, na ndiyo inayonifanya niandike. Tena naijua kazi hiyo vizuri mno hata siwezi kumtukana yeye peke yake. Kila nikimaliza ukurasa humu najiuliza nimetoa sabuni ya nani. Saa nyingine napata jibu na sirekebishi, kwa sababu ukurasa ni mtamu zaidi bila hiyo sabuni. Hilo nalo mlijue.

Asubuhi ya Jumanne, siku ya pili tangu kicheko kile cha ukutani, niliamka kabla ya king'ora. Nilikwenda ukutani mchana kweupe, watu wakianza kukusanyika, nikatafuta nafasi kati ya sanduku la pili na la tatu. Haikuwepo. Ikabidi nichore upande wa juu wa masanduku hayo, nimesimama kwenye jiwe: bomba, mikono miwili, sabuni, na mstari wa kushuka mpaka mahali picha hiyo ilipotakiwa kuwa. Nyuma yangu nikasikia debe likiwekwa chini kwa kishindo.

"Kumbe ni wewe," alisema Mama Dorika. "Bubu wa Mama Nzi."

Sikugeuka. Watu walisubiri kofi. Alikuja karibu mpaka nikasikia harufu ya lile kabuti, moshi na dawa ya nondo.

"Na vifungo ni vitano," akasema. "Umechora vinne."

Nikaongeza cha tano.

"Umemaliza? Haya. Si wewe ni fundi? Mchoree na mama yako kifuniko basi, tuone."

Walicheka wote. Alikusudia wacheke. King'ora kikalia, na hakuna aliyeingia kazini. Walisimama pale na vikombe vitupu mikononi. Nikashuka kwenye jiwe, nikasogea mpaka mahali ambapo chokaa ilikuwa bado safi, nikaanza na kifuniko. Mtungi niliuchora baadaye.